Sega ya mkononi inayojizima betri ikiwa bado na chaji

Malalamiko yalikuwa hivi: kifaa kinacheza vizuri karibu saa nzima, kisha picha inaanza kufifia, gemu inarudi mwanzo yenyewe, na ukikizima ukakiacha kipumzike kidogo kinawaka tena kama kawaida. Kinacheza dakika chache, kinarudia. Kijana aliyekileta amekiunda mwenyewe, na kwa macho tu kazi yake ni safi: boksi la plastiki la kushikwa kwa mikono miwili, vitufe vya pedi ya zamani, tundu la kaseti mgongoni.

Ndani kuna bodi ya Sega Mega Drive, mashine ya zamani ya gemu ya kuchomekwa kwenye TV, toleo la pili, ile ndogo ambayo adapta yake ya Marekani imeandikwa volti 10 na ampea 0.85. Skrini ni ya inchi 4.3, zile zinazouzwa kwa ajili ya kamera ya nyuma ya gari, za volti 12. Sauti inapitia amplifaya ndogo ya PAM8403 kwenda spika mbili. Umeme unatoka kwenye seli mbili za lithiamu za 18650 zilizotolewa ndani ya betri ya laptop iliyokufa, zimeungwa kwa mfululizo, zikiwa na kibodi (bodi ndogo) chao cha ulinzi. Kutoka hapo njia zinagawanyika. Njia moja inaingia kwenye 7805 ileile iliyokuja na Sega, IC (chipu) ya miguu mitatu inayoshusha umeme hadi volti 5 kwa ajili ya bodi na amplifaya. Nyingine inaingia kwenye moduli ya kupandisha volti hadi 12 kwa ajili ya skrini.

"Fundi, tatizo nishalijua," akasema. "Hii IC inachemka. Ikipoa inakubali. Nitafutie bati kubwa zaidi la kupozea."

Mawazo yake si ya kubezwa. 7805 ni reguleta, yaani kidhibiti volti, ya mstari: volti zinazozidi 5 inazigeuza joto, basi. Vipimo vilionyesha bodi na amplifaya kwa pamoja vinakula ampea 0.75. Betri ikiwa imejaa, baada ya kutoa kinachopotea njiani, 7805 inapokea kama volti 8. Tofauti ni volti 3. Mara ampea 0.75 unapata wati 2.25 za joto ndani ya boksi lisilo na tundu. IC ya umbo lile bila bati hupanda takriban digrii 65 kwa kila wati moja, kwa hiyo angeiacha tupu ingejikata mapema sana, maana ina ulinzi wa joto ndani yake. Lakini alikuwa ameifunga kipande cha alumini cha kutosha, na kwa kidole ilikuwa ya moto, si ya kuunguza.

Kilichonifanya nisikubaliane naye ni saa ambayo ugonjwa unajitokeza. Joto la 7805 ni kubwa zaidi betri ikiwa imejaa, kwa sababu hapo ndipo volti za ziada ni nyingi. Kadiri betri inavyoshuka, IC inapoa. Kama ni joto, kifaa kingeanza kusumbua mapema, dakika ishirini za kwanza, na kingetulia baadaye. Hiki kinafanya kinyume. Ile hali ya kuwaka tena baada ya kupumzika nayo haithibitishi joto, kwa kuwa betri iliyochoka hufanya vilevile: ukiondoa mzigo volti zake zinapanda polepole zenyewe, ukirudisha mzigo zinashuka.

Jaribio la kutenganisha hayo mawili ni jepesi. Toa betri, weka pawasaplai ya mezani mahali pake, anza na volti 8.4, ushuke taratibu huku mita moja ikiwa kwenye mguu wa kuingilia wa 7805 na nyingine kwenye mguu wa kutokea. Kila kitu kikiwa baridi. Mguu wa kuingilia ulipofika karibu volti 6.9 ule wa kutokea haukuwa tena na 5. Ulianza kufuata wa kuingilia, ukibaki chini yake kwa kama volti 2. Kwenye 6.5 gemu ikarudi mwanzo. Pandisha kidogo, ikawaka. Joto halimo kabisa katika hadithi hii.

7805 inadai ushuru wa takriban volti 2 kabla haijafanya kazi yoyote. Imeandikwa kwenye karatasi yake ya data, lakini watu wengi husoma neno "5" tu wakaridhika. Kwenye Sega ya mezani haikusumbua mtu, maana adapta ya volti 10 ina ziada ya kutosha. Kwenye betri ya seli mbili mambo ni mengine. Seli ya lithiamu huanza na volti 4.2, hukaa muda mrefu kati ya 3.8 na 3.5, kisha huporomoka kuelekea 3.0. Seli mbili basi ni 8.4 juu, 7.4 katikati, 6.0 chini. Reguleta inayokata tamaa karibu na 6.9 imeacha sehemu nono ya chaji ndani ya seli.

Sasa, kijana alikuwa na hoja ya pili: kila mara kifaa kikijizima, anapima betri na kukuta 7.3. Kwa hesabu yake 7.3 ni zaidi ya 6.9, kwa hiyo reguleta haina kisingizio. Ila alikuwa anapima betri ambayo imeshaondolewa mzigo. Seli hizi za laptop zimezeeka. Kila moja ina ukinzani wa ndani wa kama omu 0.15, mbili ni 0.3. Waya wake mwembamba, swichi, na kibodi cha ulinzi vikajumlisha omu 0.13 nyingine. Kifaa kizima kilikuwa kinavuta ampea 1.15. Zidisha: nusu volti inapotea kabla umeme haujaigusa 7805. Ile 7.3 ya kupumzika ni 6.8 ya kazini, na kwa kuwa betri iliyopumzika imeshapanda yenyewe, gemu ilipoanguka ilikuwa chini zaidi ya hapo. Betri ya kifaa cha mkononi hupimwa ikiwa kazini, na mita ikiwa kwenye miguu ya reguleta.

Njia ya skrini nayo ilikuwa na kichekesho chake. Tuliifungua. Kama zilivyo nyingi za aina hii, volti 12 zinazoingia hazifiki kwenye skrini yenyewe; nyuma ya soketi kuna saketi ndogo inayozishusha hadi 5 kwanza. Kwa hiyo betri ya 7.4 ilikuwa inapandishwa hadi 12, halafu inashushwa hadi 5, na kila hatua inakula fungu lake. Skrini yenyewe inahitaji wati 2.25 tu, yaani ampea 0.45 kwa volti 5, lakini betri ilikuwa inatoa karibu wati 3. Tukaondoa ile saketi ya kushusha na kuleta volti 5 moja kwa moja kwenye sehemu ilikokuwa inatokea. Kabla ya kufanya hivi kwa skrini nyingine yoyote, washa kwanza kwa 12 upime pale ndani, kwa sababu nyingine zinatumia 3.3, na hiyo ukiipa 5 umeiua.

Baada ya hapo hesabu yote ikawa ya namba moja: volti 5, ampea 0.75 za bodi na sauti, 0.45 za skrini, jumla ampea 1.2, wati 6. Reguleta inayotakiwa ni ya kutoa wati 6 kwa volti 5 kutoka kwenye betri inayotembea kati ya 8.4 na 6.0. Mimi huanzia kwenye ile 6.0. Yoyote inayofaulu chini, juu itafaulu.

Kuongeza seli ya tatu na kubaki na 7805 ndiyo njia ya haraka, na nimeona watu wakiifuata. Volti 11.1 kushuka hadi 5 kwa ampea 1.2 ni zaidi ya wati 7 za joto. Hiyo ni pasi. Reguleta za mstari zinazodai kidogo, kama MIC29300 ya volti 5 inayoridhika na chini ya nusu volti, zingemaliza chaji yote na zina sifa moja nzuri sana: hazina kelele. Kama kifaa hiki kingekuwa hakina skrini ningechagua hiyo nikalala. Lakini kwa betri iliyojaa bado ni karibu wati 4 za joto, na theluthi nzima ya umeme wa betri, kwa wastani, inakwenda kupasha plastiki.

Akapendekeza kuweka seli sambamba, volti 3.7, na kupandisha hadi 5 kwa moduli ya MT3608. Faida yake ni kwamba kuchaji seli sambamba ni rahisi, kibodi cha TP4056 kinatosha. Tatizo ni mkondo. Seli zikifika 3.2, wati 6 zinataka kama ampea 2.2 kutoka kwenye betri, na ule ukinzani wa omu 0.13 wa waya na swichi unanyang'anya karibu volti 0.3 kati ya 3.2. Kwa seli za mfululizo mkondo ni nusu, hasara ya waya ni robo. Kwenye boksi lenye waya nyembamba na swichi ya kubahatisha, sikuona sababu ya kupigana na ampea 2.

Tukabaki na reguleta ya kushusha inayokata na kuwasha umeme kwa kasi, badala ya kugeuza ziada kuwa joto. Ile moduli ya LM2596 imejaa madukani na kila fundi anayo kwenye droo. Nayo ina ushuru wake: swichi yake ya ndani ni ya transista za zamani, na inapoteza karibu volti 1 ikiwa imewaka. Betri ikishuka kwenye 6.0 haiwezi kutoa 5 kamili. Kwa betri ya gari ni moduli nzuri sana. Hapa inarudisha nusu ya ugonjwa tuliotaka kuponya. Tulichochagua ni moduli ndogo yenye IC ya MP2307, ukubwa wa kucha, ambayo swichi zake ni za MOSFET, transista za aina nyingine, zenye ukinzani wa takriban omu 0.1. Inawasha na kuzima mara 340,000 kwa sekunde, na inaweza kubaki imewaka hadi asilimia 90 ya kila mzunguko. Volti 5 kutoka 6.0 zinahitaji asilimia 83, ongeza hasara ndogondogo, bado imo. Chini ya 5.7 hivi itashindwa, na hapo ishindwe tu, seli zenyewe hazitaki kushushwa zaidi.

Kazi iliyobaki juu ya moduli ndiyo watu huiruka. Inakuja na kirezista cha kuzungusha kwa bisibisi cha kupanga volti, kidogo kama punje ya mchele. Kwenye kifaa kinachotupwa kwenye begi, kinachodondoka, kinachogongwa, kile kitu ni hatari: kikisogea kidogo, au mguso wake wa ndani ukipata vumbi, Sega inapokea volti 7 na hakuna wa kuilaumu. Tukakitoa. MP2307 inalinganisha sehemu ya volti zinazotoka na 0.925 yake ya ndani, hivyo rezista mbili zinatosha: juu kilo-omu 44, chini 10. Rezista ya 44 hutaipata dukani, lakini 22 mbili kwa mfululizo ni 44. Hesabu inatoa 0.925 mara 5.4, yaani volti 4.995. Mita ikasoma hivyohivyo, ukiacha tofauti ndogo ya thamani za rezista zenyewe. Angalia tu jina la IC kabla ya kunakili namba hizi. Moduli zinazofanana kwa sura huja na IC tofauti, na kila moja ina volti yake ya kulinganishia.

Kisha mzigo wa uongo kabla ya Sega. Rezista mbili za saruji za omu 8.2, wati 5 kila moja, kwa usambamba zinatoa omu 4.1, ambazo kwa volti 5 zinavuta ampea 1.2 na kidogo. Tukaziacha zichemke huku tukishusha pawasaplai kutoka 8.4 hadi 6.0. Volti 5 hazikutikisika. Moduli ilipata joto la kawaida, unaweza kuiacha na kidole juu yake.

Jambo moja linanifanya nisiziamini kabisa reguleta za namna hii: swichi ya juu ikiungua, mara nyingi inaungua kwa kushikana, na betri nzima inapita moja kwa moja hadi kwenye bodi. Mega Drive ina chipu ambazo hazitengenezwi tena, hasa ile ya sauti. Tukaweka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri, na zena (diodi inayoanza kupitisha umeme volti zikizidi kipimo chake) ya volti 5.6 ya wati 5, aina ya 1N5339, kwenye laini ya volti 5. Swichi ikishikana, zena inavuta mkondo mwingi na fyuzi inakatika. Huenda zena ikafa nayo. Bei yake haifiki hata nusu ya kaseti.

Kuiunganisha ni kutoa 7805 kwenye bodi na kuingiza volti 5 kwenye tundu la mguu wa tatu, hasi kwenye la katikati. Tundu la kwanza linabaki tupu, baada ya kufuata laini yake na kuhakikisha hakuna saketi nyingine inayokula umeme huo wa kabla ya reguleta. Waya mfupi, mnene.

Ikawaka. Na hapo likaja jambo ambalo 7805 haikuwahi kulileta: mistari myembamba ya mshazari ikitambaa juu ya rangi za bluu, na mlio mwembamba kwenye spika gemu ikinyamaza. Umeme wa kukata na kuwasha una mtetemo juu yake, mdogo, lakini ishara ya picha nayo ni volti 1 tu na inapita jirani. Tukagawa laini ya volti 5 mara mbili pale kwenye moduli. Ya skrini ikaenda peke yake. Ya bodi na sauti ikapita kwenye koili ya mikrohenri 10, kisha kapasita ya mikrofaradi 220 kwenda hasi. Kwa mtetemo wa kilohezi 340, koili ile ni ukinzani wa kama omu 21. Kapasita, ambayo kwa kasi hiyo inaongozwa na ukinzani wake wa ndani, ni kama omu 0.1 ikiwa nzuri. Mtetemo unapungua kama mara 200. Ndiyo maana kapasita ya kuokoteza kwenye redio mbovu haifai hapa: ukinzani wake wa ndani ukiwa omu 2, umepunguza mara 10 tu na mistari bado unaiona.

Mistari ikaondoka. Mlio haukuondoka, ulipungua. Huo haukuwa wa reguleta: waya wa hasi wa skrini, wenye mkondo wa taa yake ya nyuma, ulikuwa umeungwa kwenye hasi ya amplifaya, na amplifaya inarudi kwenye bodi kwa waya uleule. Kila taa ilipovuta, hasi ya amplifaya ilihama kidogo. Hasi ya skrini tuliirudisha peke yake hadi kwenye moduli, ya amplifaya peke yake, ya bodi peke yake, zote zikikutana sehemu moja. Ukisogeza sikio hadi kwenye spika bado unasikia kitu. Sega yenyewe haijawahi kuwa na sauti ya kimya, hata ya mezani.

Kwa chaji, zamani betri ilikuwa inatoa karibu wati 8.5 kufanya kazi ya wati 6, na inaachwa ikiwa imetumika zaidi kidogo ya nusu. Sasa inatoa kama wati 6.7 na inamalizwa. Seli hizi kuukuu, ambazo nilizikadiria ampea-saa 1.8, zinampa karibu saa mbili. Sega wenyewe walipotoa Nomad mwaka 1995, Mega Drive ya mkononi iliyotengenezwa kiwandani, ilikula betri sita za AA kwa saa mbili hadi tatu, kwa hiyo kijana hana cha kuonea aibu. Seli mpya zingemwongezea nusu tena.

Upande wa kuchaji, kibodi cha ulinzi hakichaji, kinalinda tu. Na TP4056 aliyokuwa amenunua ni ya seli moja, inasimama kwenye 4.2. Akatafuta chaja ya volti 8.4, ampea 1, ile inayopunguza mkondo yenyewe ikikaribia kujaa. Chaja ya namna hiyo inajua betri imejaa kwa kuona mkondo umepungua. Ukicheza huku unachaji, Sega inaendelea kuvuta karibu ampea nzima na chaja haioni mwisho kamwe. Tukatumia jeki yenye swichi ndani, ambayo pini ya chaja ikiingia, njia ya kwenda kwenye moduli inakatika.

Hilo halikumfurahisha. Anataka kucheza kifaa kikiwa kwenye chaja. Inawezekana, kwa saketi ya kupeleka umeme wa chaja kwa Sega pembeni ya betri, ila ndani ya lile boksi nafasi pekee iliyobaki ilikuwa chini ya spika ya kushoto. Alifikiri sana, akageuza boksi huku na huku, akasema spika zibaki mbili.